Kazi ya Kuonja na Kutema

Uingereza,
Jumapili alasiri

Mpenzi wangu Baba Achieng',

Pokea salamu nyingi za mkeo aliye ng'ambo, zenye joto kuliko hewa ya huku. Mwili wangu ni mzima, ila moyo uliruka na haujatua bado. Hamjambo hapo Homa Bay? Goti la mama mkwe linaendeleaje? Achieng' amepona kikohozi? Na lile gugu la ziwani limeondoka gatini, au boti za Mfangano bado zinashindwa kupita? Barua yako niliisomea kwenye ngazi. Nilipofika pale uliposema kanisa limependekeza jina lako uwe mzee wa kanisa, nilipiga vigelegele mpaka mwenzangu wa chumbani akaja mbio akidhani nimefiwa. Hongera sana, baba. Sasa tafuta kiti ukae, maana yanayofuata hayasomwi mtu amesimama.

Nilikuambia kwamba hapa hotelini nilitolewa kwenye kufua mashuka nikapelekwa ukumbini kuhudumia meza. Siku ya kwanza tu nikafanya kituko. Mzungu mmoja mzee aliagiza chupa ya mvinyo. Bwana Martin, msimamizi wa vinywaji, alikuwa amenielekeza harakaharaka: fungua, mimina kidogo, ngoja. Nikafungua, nikamimina kidogo, nikangoja. Mzee naye akanitazama. Wewe unajua nilivyolelewa. Kabla mama hajabatizwa, nyumba yetu ilikuwa nyumba ya pombe, na kwetu Ukuria anayeleta kibuyu huonja yeye kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu ndani. Hata kwenu Ujaluoni ni vivyo hivyo. Basi nilipoona mzee wa watu ananitazama tu, nikadhani anasubiri nimtoe wasiwasi. Mkono ukaitangulia akili. Nikainua glasi yake, nikaigusa kwa midomo, nikapangusa ukingo kwa kitambaa, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mama wa meza ya pili alishika kifua. Kumbe huku mgeni ndiye anayeonja! Yaani mtu anatoka kwake, anakuja kwenye nyumba asiyoijua, na bado anajionjea sumu mwenyewe! Mimi nikawashangaa, wao wakanishangaa, tukabaki hivyo mpaka Bwana Martin akaja kubadilisha glasi.

Meneja alitaka nirudi kwenye mashuka saa ileile, na majira ya baridi yakiingia, watu wa mashuka ndio wanaoambiwa kwaheri kwanza. Bwana Martin akaniombea: nifundishwe mvinyo, kisha nipimwe, nikishindwa niende. Nilimwambia wazi kwamba mimi ni Msabato na pombe siinywi.

Akasema, "Nani amekuambia unywe? Utatema."

Nilidhani ananitania. Baba Achieng', wanatema kweli! Mtu mzima mwenye tai anainua glasi kwenye mwanga, anaizungusha kama anayepepeta, anaingiza pua yote ndani, anavuta funda, analisukutua kama anayepiga mswaki, halafu pwaa! kwenye ndoo. Mvinyo wa bei ya ng'ombe, kwenye ndoo! Kwetu wazee wakipuliza pombe kutoka mdomoni, ujue wanabariki mtu au boma. Nilimuuliza Bwana Martin hapa wanambariki nani. Alicheka mpaka akatoa machozi, akanisogezea ndoo.

Kisha yakaja ya pua. Ananipa glasi, ananiuliza nasikia nini. Nasikia pombe, nasema. Yeye anasikia matunda fulani madogo meusi, anasikia tumbaku, anasikia ngozi ya kiatu. Nikajisemea, huyu amerogwa. Nani ametia kiatu kwenye chupa? Na hayo matunda nitayasikiaje wakati sijawahi kuyaona? Ikabidi kila nikipata nafasi niende sokoni ninunue tunda moja moja, nile nimefumba macho, nikitaja jina lake kama mtoto wa Shule ya Sabato anayekariri fungu. Taratibu pua ikaanza kufunguka. Siku niliyosikia ukwaju ndani ya mvinyo mweupe, ukwaju kabisa kama ule wa kwenu, nilipiga kelele. Nilipenda, sikufichi. Tangu nitoke shuleni hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu kisichohusu sufuria au ufagio.

Sasa shida iliingilia mlangoni kwa miguu yake. Unamkumbuka Perez, yule muuguzi binti wa shemasi wa Mbita, aliyekuja huku kusoma? Alikuja kula pale hotelini na wenzake, na mimi wakati huo niko kwenye meza ya mafunzo, pua imezama ndani ya glasi.

"Bhoke? Ni wewe ama macho yangu imeharibika?"

"Ni mimi, dada. Ni kazi tu. Sinywi, natema."

"Unatema? Na hiyo inabaki kwa ulimi, hiyo inaenda wapi?" Akatazama ile ndoo, akatazama wenzake. "Nyasaye, Mungu wangu! Na vile bwana yako wanataka kumweka mzee wa kanisa! Desemba naenda nyumbani. Nitawaambia nini?"

"Waambie nimewasalimu," nikasema, nikairudisha pua kwenye glasi.

Ndiyo maana naandika mbio, nisije nikatanguliwa na ndege yake. Lakini alichokiona Perez ni kidogo. Kikubwa hajakiona mtu wa kwetu, na ningeweza kukificha hadi kaburini.

Kipimo kilifanyika juzi, meneja akiwapo. Waliniwekea glasi tatu. Ya kwanza niliitazama, nikainusa, nikaonja, nikatema, nikasema ninachokijua. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa nyekundu, ya miaka mingi, na harufu yake ilikuwa kama ghala la mama siku ya mvua, mtama na udongo na moshi kwa mbali. Nilivuta funda. Ndoo ilikuwa hapo hapo mbele yangu. Sikuteleza, Baba Achieng', wala sikukabwa. Nilimeza. Nilitaka kujua ile ladha inaishia wapi.

Nikashtuka kuliko siku zote za maisha yangu, maana ilikuwa nzuri. Tangu utotoni nimeambiwa kileo ni kichungu kwa mtu mwema, nami niliamini, kwa sababu nilimwona baba yangu akiliwa nacho akiwa hai. Usiku huo nilikaa kitandani nikiingoja ile kiu ya baba inikamate. Haikuja. Siwezi kukuapia kwamba haitakuja. Naiogopa, na nimemwambia Mungu kwamba naiogopa.

Nilipita. Meneja mwenyewe alinipa mkono. Wamenipa kazi ya kuwa chini ya Bwana Martin, kuchagua na kuonja mvinyo pamoja naye, na Jumamosi zangu wameniachia kwa ajili ya ibada. Najua kiapo nilichokula siku ya ubatizo nikiwa ndani ya maji, ziwa limenifika kifuani, na najua watu watakuuliza mtu asiyeweza kusimamia nyumba yake atasimamiaje kanisa. Lakini nimekubali, Baba Achieng'. Nimeshatia sahihi, Jumatatu naanza. Nitaonja na nitatema, na siku nikimeza tena nitakwambia mwenyewe kabla ya Perez yeyote.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya goti namtumia. Msalimie wifi yangu wa Muhuru Bay, na asante kwa dagaa wake wa omena, walifika, ila forodhani walifungua mfuko na sidhani wamesahau harufu ile mpaka leo. Mama yangu kule Ukuria mpe salamu tupu, mengine niachie nitamweleza mwenyewe. Achieng' na mdogo wake wabusu kwenye paji la uso. Mchungaji usimpe salamu zangu kwanza, mpaka wewe ujue umeamua nini.

Hii si barua ya kuomba ruhusa, umeshaona. Ninaloomba ni moja tu. Huko kuna mtu anayetarajiwa kuwa mzee wa kanisa, naye anaweza kuniandikia mafungu ya Biblia yakajaa kurasa mbili, yote ya kweli. Huyo asinijibu. Nijibu wewe uliyenioa wakati watu wa pande zote mbili walikuwa wanapinga. Uniambie kama bado nina nyumba.

Ni mimi mkeo, neno hilo sitalifuta hadi ulifute wewe,

Bhoke