Nimeozwa kwenye Kadi ya Bima

Bi Tabia, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, kwa sababu kusema kwa mdomo siwezi, nikisimama mbele ya watu sauti inanikauka, na safari hii kunyamaza kwangu kumenipatia mume.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na mama yangu hapa Miono na kazi yangu ni kumenya mananasi kwenye kiwanda cha kukausha matunda. Tulipoajiriwa, bosi wetu, ambaye wote tunamwita Alhaji, alitukusanya akasema ametuletea bima ya afya, kila mwezi tutakatwa kidogo kwenye mshahara na yeye ataongezea, na wazazi wetu watatibiwa pia, tukatia saini fomu ambazo hazijajazwa, mimi niliona kuwa ni tupu lakini nikaona haya kuuliza mbele ya watu wazima. Mama alifurahi mno, akasuka mkeka wa rangi tatu tukampelekea Alhaji nyumbani kwake kushukuru, akaupokea akasema karibuni tena.

Sasa mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi akisuka anauliza huu ukili mwekundu au mweusi, na mimi nikiwa kazini hakuna wa kumjibu, mkeka unakwenda hivyo hivyo. Daktari amesema akifanyiwa upasuaji ataona, akampa tarehe mwezi ujao, nikampeleka hospitali na kadi yangu nikijua yumo.

"Mama yako hayumo," dada wa dirishani akaniambia. "Nafasi zako zimejaa. Kuna mumeo na watoto wanne."

"Wa nani?"

"Wa kwako, mama. Au Abdulrazak ni mume wangu?"

Bi Tabia, Abdulrazak (majina nimeyabadilisha) ni mdogo wake Alhaji, ana ndevu nyeupe, hana ajira, anakaa tu getini kiwandani akipiga soga. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananijibu marahaba mwanangu. Mtoto wangu wa kwanza, Ishaka, tulikaa dawati moja kidato cha tatu na alikuwa akinakili hesabu zangu.

Kwenye foleni nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Kadogo hivi, watoto wanne!" Mwenzake akajibu, "Ndio wa siku hizi hao." Mama alikuwa amenishika bega, akaninong'oneza, "Mwanangu, macho yangu mabaya, lakini watoto wanne ndani ya nyumba ningewakanyaga."

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatutangulia, na shangazi Mosi amesimama mlangoni. "Unaolewa mimi sijui? Mimi niliyekupokea kwenye kanga ulipozaliwa? Mahari kala nani?" Nikamweleza, akasema hayo ya bima hayajui, yeye anauliza la harusi.

Nikajikaza nikamwendea Alhaji. Nilimkuta barazani amekalia mkeka wetu. Akasema, "Mwanangu, wewe huna mume wala mtoto, nafasi zilikuwa zinakaa bure. Bima hii ni hisani yangu kwenu, na hisani haihojiwi. Vumilia, mwakani tutakutoa kwenye ndoa."

Mwakani mama atakuwa haoni kabisa. Lakini mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu na ana selimundu, anatibiwa kwa kadi yangu, nikimtoa si nitakuwa nimemuua? Na nikisema nitafukuzwa kazi. Je, nina haki ya kudai, au nitaonekana sina shukrani?

Ni mimi, Mke wa Mtu, Miono.

*

Mke wa Mtu, marahaba, na hongera ya ndoa. Samahani kwa kutokuleta zawadi, mimi na shangazi yako hatukualikwa.

Tuanze na hiyo hisani. Hisani ni mtu kutoa chake. Wewe umemenya mananasi mpaka vidole vimechubuka, mchango umekatwa kwenye mshahara wako, na anachoongeza Alhaji ni sehemu ya mapatano yenu ya kazi. Yeye ni wa kupitisha tu, mwanachama ni wewe. Nafasi za wategemezi ni zako, unaandikisha watu wako wanaokubalika na kanuni za mfuko, na mama mzazi kwa kawaida anakubalika. Una haki ya kuonyeshwa walioandikwa chini ya jina lako siku yoyote ukiuliza, bila kubeba mkeka.

Eti nafasi zilikuwa zinakaa bure! Kwake kukiwa na chumba kitupu, shangazi Mosi ahamie? Bwana mkubwa huyo hakutaka kumwajiri mdogo wake akamlipia mchango, akaona rahisi kumwoza.

Nawe usijione malaika. Kuona haya ni pambo zuri kwa msichana, lakini hukutakiwa kulivaa mpaka kwenye saini. Tangu siku ile ya dirishani unajua kilichofanywa. Ukiendelea kunyamaza udanganyifu unakuwa wenu wote wawili, na atakayeitwa kwanza kujieleza ni mwenye kadi.

Kuhusu mtoto mgonjwa, hapo sicheki. Lakini si wewe uliyeyaweka matibabu yake juu ya uongo unaoweza kufumuka siku yoyote. Mwambie baba yake leo hii amtafutie bima ya halali, na akikosa uwezo, kaka yake mwenye hisani nyingi yupo, aanzie hapo.

Sasa fanya hivi. Usirudi kwa Alhaji, nenda mwenyewe ofisi ya bima wiki hii. Beba kadi, kitambulisho, karatasi za mshahara zinazoonyesha makato, na cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama. Waambie: sijaolewa, sijazaa, hawa sikuwaandikisha mimi, ninayemtaka ni mama yangu. Malalamiko yaandikwe, nawe uondoke na nakala yenye mhuri. Kisha pita hospitali uwaonyeshe, uombe wasiifute tarehe ya mama. Na umchukue shangazi Mosi. Sauti ikikukauka ataongea yeye, maana aliyenyimwa harusi hakosi maneno.

Alhaji akikufukuza kwa ajili hiyo, usikae ndani kulia. Nenda kwa afisa kazi siku hiyo hiyo, muda wa kulalamika ni mfupi. Kumwadhibu mfanyakazi kwa kudai haki yake ni kosa la pili juu ya lile la kwanza, na Alhaji atayajibu yote mawili.

Pale getini endelea kumwamkia Abdulrazak shikamoo. Mtalaka wako naye ni mtu mzima.

Na mkeka mwachieni Alhaji aukalie, ulisukwa kwa nia njema. Mama akishafunguliwa macho asuke mwingine, achague rangi mwenyewe bila kumuuliza mtu, na safari hii autandike kwake.