Mwali Asiyeitika

Rahaleo, Mtwara
Tarehe 19 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, na lile goti liwe limekuachia angalau ukaweza kusujudu bila kushika ukuta. Mimi mwili ni mzima. Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu nitakudanganya tena, ndiyo maana naandika. Fadhili, anayerudi huko leo, nimemwambia akukabidhi mkononi, asikusomee. Soma mwenyewe, polepole.

Amenieleza kwamba umekwisha kuzungumza na nyakanga, na kwamba mjukuu wako Mwanahawa ataingia unyagoni likizo ya mwezi wa sita pamoja na wenzake wa hapo Mpapura. Alisema umeshanunua doti mbili za kanga, na kila anayepita barazani unamwambia mwali wako anatoka mjini, ana miaka minane tu na mdomo wake mwepesi kuliko wa bibi yake. Alicheka akinieleza. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa sakafuni.

Mama, miaka miwili iliyopita nilimpeleka Mwanahawa hospitali. Daktari alimtazama asubuhi nzima, akaniambia mtoto ana usonji. Alisema si jini, si kurogwa, wala si malezi mabaya. Ndivyo ubongo wake ulivyoumbwa, na mtoto wa namna hii hufundishwa taratibu, kwa picha na kwa kurudiarudia. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani niliificha karatasi yake chini ya madaftari ya wanafunzi wangu.

Baba yake, Hashimu, alijua hata hivyo. Alisema kwao hawajawahi kuzaa mtoto wa hivyo, na kwamba mimi nimesoma mpaka tumbo limesahau kazi yake. Sasa yuko Kilambo na biashara zake, anakuja mara moja kwa mwezi, na akija hamtazami mtoto.

Mwaka jana wazazi wa watoto wenye usonji waliitwa mkutanoni hapa mtaani. Tuliombwa tunyanyue mikono, tusione haya, kwa kuwa mtoto anayefichwa hapati msaada. Wanawake wawili walinyanyua. Mimi nilisema ni mwalimu tu, nimekuja kujifunza. Jirani yangu Luisa, ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji, ndiye aliyekuwa amenishikia mtoto siku hiyo. Nilipomweleza, alisema kumbe chuo chote kile hawakunifundisha kunyanyua mkono.

Mjukuu wako hupanga korosho kibarazani, zote zimeelekea upande mmoja. Ukisogeza moja analia hadi magharibi. Anakula ugali mkavu, mchuzi usiuguse. Arusi ilipopita na ngoma mwezi wa pili, aligonga kichwa ukutani mpaka paji likapasuka. Sasa fikiria, Mama, wiki tatu ndani, ngoma, nyimbo, vitendawili, na akina bibi wanaotaka mwali aitikie. Unajua mwali asiyeitika hufanywa nini. Watasema ana kiburi. Watamfinya, na hataelewa anafinywa kwa lipi, wala hataweza kunisimulia.

Utauliza ataachaje kuitika, na kila Ijumaa mnaongea.

Mama, yule si Mwanahawa. Mwanahawa hajatamka neno tangu alipokuwa na miaka miwili na nusu. Anayekuamkia kwenye simu ni Vania, binti wa Luisa. Mara ya kwanza ulipoomba kumsikia mjukuu wako, Vania alikuwa amesimama karibu, nikampa simu. Nilidhani itakuwa mara moja. Goti lako limekuzuia kuja, nami kila likizo nilitafuta kisingizio cha kutomleta. Baadaye nikawa namfundisha la kusema: goti vipi bibi, mihogo imekomaa. Ile sura uliyomfundisha asome kabla ya kulala, aliyeihifadhi ni mtoto anayekwenda kanisani. Dua zako zote nimezimimina katika sikio la mtoto wa watu, na wako alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Luisa amekataa sasa. Juzi Vania alimuuliza kama Mwanahawa naye ana bibi.

Sijui umekaa wapi unaposoma hapa. Ukitaka kulaani, nilaani mimi. Nakuomba kitu kimoja: nenda kwa nyakanga ukaliondoe jina la mtoto, na umwambie sababu yenyewe, usiiite homa. Mwambie ni usonji. Mimi neno hilo nimeshindwa kulitamka mbele ya mtu wa kwetu hata mmoja. Najua watakucheka kwa yale uliyojigamba. Kicheko hicho ni changu, nimekubebesha wewe.

Sina tumaini la kukuandikia. Shule imemrudisha nyumbani. Sijui kama siku moja atasema, na asiposema, sijui mimi nitakuwa nani kwake.

Nisalimie shangazi Mwajuma na wote wa hapo nyumbani. Salamu za Mwanahawa sikuandikii, Mama. Hajanipa, na sitazitunga tena.

Ni mimi mwanao,
Nasra