Walituuzia "Bila Kikomo"

Nyie wawili,

Chai iko kwenye chupa. Kompyuta msiihangaikie, intaneti imekatika.

Asubuhi mama yenu alipiga kutoka huko kazini ughaibuni: "Baba watoto, usikasirike, likizo yangu..." Picha ikaganda, mdomo wazi. Kampuni inasema tumemaliza kiwango cha mwezi. Kiwango gani? Walituuzia "bila kikomo", na tangazo lao ninalo. Hawa ndio walewale waliotung'olea simu ya mezani, sijasahau. Naenda ofisini kwao kuwasomea tangazo lao mbele ya foleni nzima.

~~Ni sinema zenu hizo.~~ Siwalaumu. Nyumba yenyewe kimya hivi, mngefanya nini?

Mama akipiga simu ya kawaida, ya sauti tu, msikubali amalizie kwenu ile habari ya likizo. Kama haji, nataka nimwone usoni akiniambia.

Baba