Risasi Zilizokaa Kimya

Baba,

Kibali cha bunduki cha Rahma kimefika. Mtu wa posta alikipenyeza mlangoni pamoja na vipeperushi vya pizza, na mjukuu wako akapanda nacho ngazi akipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ungecheka. Mimi binti yako nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia, "Siku karatasi hiyo ikija, mimi na wewe tutakwenda kuwinda kulungu." Karatasi imekuja, wewe hupo.

Nakuandikia habari za lile boksi la mwisho la risasi ulilomtengenezea. Siwezi kumwambia mtu hapa mtaani Sparkbrook, wataniona nimeanza kuchanganyikiwa.

Unakumbuka alivyoanza. Yule rafiki yako wa uwanja wa shabaha alimpa bunduki yenye risasi za dukani, za nguvu zote, nayo ikampiga teke begani hadi akavilia damu. Tangu siku hiyo kila akigusa kifyatulio alifumba macho. Wenzako walisema atazoea. Wewe ulikasirika, jambo ambalo sikuliona mara nyingi. "Anayefumba macho atamvunja mnyama mguu, amwache akafie vichakani," ulisema. Ukampa bunduki nzito zaidi, ukatia mpira kwenye kitako, kisha ukaanza kumshindilia risasi, yaani kujaza baruti kwenye ganda na kufunga kichwa kwa mkono wako: kichwa chepesi, baruti kidogo, lakini si kwa kukisia. Ulifuata kitabu cha watengeneza baruti kama mtu anayepima dawa ya mtoto mchanga, ukanionya kwamba kupunguza ovyo ni hatari sawa na kuzidisha. Ulitaka ziwe laini begani na bado zimwangushe kulungu papo hapo, kama sheria ya huku Uingereza inavyotaka. Haukupita muda mtoto akafumbua macho.

Na amri yako ya chumba cha nyuma, ulimoshindilia! Kitambaa chekundu kikining'inia mlangoni, hakuna kupita, hakuna kutoa salamu. Watu waliona unaringa. Wewe ulisema salamu ya Mwislamu lazima iitikiwe, huwezi kumnyamazia mtu, na anayepima baruti akisimama kuitikia, hasahau adabu, anasahau baruti.

Siku ile ya mwisho hukuweza kuinua mikono kufunga kitambaa, nami sikukikumbuka. Nilikukatalia kwenda chumba cha nyuma, ukanitazama kwa lile jicho lako, nikakushika mkono nikakupeleka. Ulitaka kumaliza boksi la Rahma. Wageni wakaja kukujulia hali: Bi Zuhura kutoka mtaa wa Alum Rock na sambusa zake, Ustadhi wa madrasa, halafu Mzee Kahozi, Mkristo wa Bukavu anayetoa salamu yetu vizuri kuliko sisi wenyewe. Nilikuwa jikoni natengeneza chai. Kila mmoja alisimama mlangoni pako, akakusalimu, ukamwitikia.

Kisha nikasikia ukiitikia tena. Polepole, kwa sauti ya chini, maneno yote mpaka mwisho, vile mtu anavyomwitikia mkubwa wake. Nilidhani amekuja mgeni mwingine, nikatoa kikombe cha nne. Koridoni hapakuwa na mtu. Alfajiri ulikuwa umeshatutoka.

Sasa Rahma, kibali mkononi, akasema atapiga risasi za Babu tu, si hizi ulizonifundisha mimi kushindilia. "I'm not shooting yours, Mum. No offence." Akaleta boksi mezani. Kwa vile risasi zako laini hazijai baruti hadi juu, ukiitikisa moja sikioni unaisikia ikichakacha ndani, kama mchele kwenye kopo. Akawa anazitikisa moja moja, kwa mchezo, akitabasamu peke yake. Moja ikakaa kimya.

"This one's not talking," alisema.

Tukazitikisa zote. Nne zilikuwa kimya. Nikazing'oa vichwa, na ndani hamkuwa na hata chembe ya baruti, ila fataki tu, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda. Wewe unajua ambacho kingetokea. Fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo, na risasi inayofuata huipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Usoni mwa Rahma, Baba.

Wageni watatu, risasi nne. Ya nne sitaki kuuliza ilikuwa salamu ya nani.

Niliamua kuzing'oa zote, hata zile zilizokuwa zikisema. Rahma alilia, akaniambia namfuta babu yake. Nikamwambia anikasirikie atakavyo, lakini aje akae ubavuni kwangu atazame ninavyoshindilia nyingine.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, na ile mvua ya Birmingham isiyonyesha wala kukoma. Nilifunga kitambaa chekundu, nikafunga na mlango wa mbele kwa ufunguo. Nyumba nzima tulikuwa wawili tu. Nimeshika ganda, fataki imeshaingia, baruti iko kwenye kisahani cha mizani. Ndipo nikasikia nyuma ya kitambaa, "Assalaam aleikum."

Sauti yako. Na kile kikohozi chako kidogo kabla yake.

Ulimi wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Rahma akanifunika mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mlangoni, wazi kabisa. Kwa mkono wa pili akanionyesha lile ganda. Lilikuwa tupu bado.

Nikamimina baruti. Nikashindilia kichwa. Nikaitikisa sikioni, ikachakacha, ndipo mtoto akaniachia. Tulipofunua kitambaa hapakuwa na mtu. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa vilevile, ufunguo ndani.

"He can wait, Mum," Rahma alininong'oneza, kwamba salamu yake ingoje. "Babu would wait."

Tulizijaribu kwanza uwanjani, kisha Jumamosi tukaenda kwenye lile shamba la Worcestershire ulikozoea kuwinda. Alitoka kulungu mdogo, akasimama kando ya miti, akageuza ubavu. Nilimtazama Rahma, si mnyama. Alisema Bismillahi mwenyewe, kwa sauti, na hakufumba macho. Kulungu akaanguka pale pale, tukamwahi na kisu. Begani mtoto hana hata alama. Tumempelekea Mzee Kahozi paja zima, akauliza kama wewe ndiye uliyepiga, halafu akakumbuka, akaona haya.

Baba, salamu yako imenikaa kifuani tangu Jumapili ile. Ulinilea nisimnyamazie mtu, nami nikakunyamazia wewe. Nakuahidi Rahma hatapiga risasi ambayo sijaisikia kwa sikio langu, na nikiwa na baruti mkononi sitamwitikia yeyote, hata wewe. Usinilaumu kwa hilo. Pumzika, Baba, mtoto yuko salama.

Sasa nimefagia chumba, nimefunika mizani, na mikono yangu haina kitu.

Wa aleikum salaam, Baba, wa rahmatullahi wa barakatuh.