Ukweli wa Kufungwa kwa Tawi Letu

Dunda,
Bagamoyo.
8 Novemba 2024

Mpendwa kaka yangu Hamoudi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Kholood pamoja na watoto. Goti linaendeleaje? Kholood aliniambia siku hizi unaswali umekaa kitini, nikasikitika, maana mimi akilini bado nakuona unavyopanda ngazi za nyumba hii mbilimbili. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Presha inapanda na kushuka, ila vidonge nameza kama nilivyoambiwa.

Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita. Ukuta wa upande wa kaskazini ulikuwa unavuja, nimempata fundi wa kuuziba, usiwe na wasiwasi. Chumba cha mama nimekifunga. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, na kufagia chumba asicholala mtu kunanichosha moyo kuliko mgongo.

Barua hii unaletewa na Bi Saida, jirani yetu, anayekuja Maskati kumtazama bintiye aliyejifungua. Ningeweza kukupigia, lakini simu zetu siku hizi ni za salamu na kuagana tu, na jambo hili halienei humo. Bi Saida mwenyewe, alipokuja kuniaga, aliniambia huku anatazama chini kwamba huko kwenu watu wa nyumbani wanasema Miza amefukuzwa benki kwa wizi. Sikumuuliza nani kasema. Nilimuuliza kama kaka yangu amesikia. Akasema amesikia.

Basi, kaka, nisikie na mimi.

Unamkumbuka Ummy, aliyeanza nami kazi Benki ya Mrima, sote makarani wa dirishani. Mama alikuwa akimwita binti yangu wa pili, na kila Ijumaa alikula kwetu. Wakati ule benki mjini zilikuwa chache, mtu akitaka kuweka fedha zake alikuja kwetu apende asipende. Kisha benki kubwa zikafungua matawi, na moja ikamchukua Ummy ikampa umeneja. Mimi nikaja kupewa umeneja wa tawi letu baadaye. Tuliendelea kula pamoja mchana, kwa sharti moja tu: hatuzungumzi wateja.

Uliniuliza katika ule ujumbe wako wa sauti, inakuwaje benki itangaze faida kubwa halafu ifunge tawi. Wengi wanauliza hivyo. Benki kubwa zinapitishiwa mishahara ya watumishi, kwa hiyo fedha zinawafikia kwa gharama ndogo sana, nao wanazikopesha kwa riba nafuu. Sisi wadogo, ili mtu atuachie amana yake, lazima tumwahidi riba nono. Ukinunua ghali huwezi kuuza rahisi. Juu ya hapo wakaja mawakala. Duka la dawa, duka la vocha, hata muuza vitenge wa Magomeni yetu ya hapa, kila mmoja ana kimashine cha benki juu ya meza. Wakala halipiwi pango, jenereta wala mlinzi. Tawi langu lilikuwa na hivyo vyote, na viyoyozi vikipoza viti vitupu.

Faida ya Benki ya Mrima ni ya kweli, lakini haikutoka dirishani kwetu. Ilitoka kwenye hati fungani, yaani kuikopesha serikali, na mikopo ya watumishi wenye mishahara, kazi ya watu wachache walioko ghorofani Dar es Salaam. Wao walituona sisi kama kidole kinachouma kwenye mwili wenye afya. Kidole kama hicho, mwenye mwili hakililii, anakikata.

Mimi niliuona ugumu huo, bila kujua kwamba tawi litafungwa, nikapigana. Mwaka jana wakulima wa miwa wa Makurunge walianzisha chama chao cha ushirika, wakawa wanatafuta benki ya kupokelea malipo ya wanachama. Tulikwenda mkutanoni, Ummy na benki yake na mimi na yangu. Ummy alisema vizuri, ana riba ndogo na mawakala kila kijiji. Mimi sikuwa na riba ndogo. Nilisimama nikawaambia, "Mimi ni mtoto wa hapahapa. Kadi ikikataa, kidole kikigoma kwenye mashine, hutapigia simu mtu usiyemjua. Utakuja kwangu. Tawi lipo, na mimi nipo."

Wakapiga kura, wakanichagua mimi. Ummy alinipa mkono mbele za watu, mkono wa baridi, na tangu siku hiyo hakuja tena kula nami. Nilisikia wakubwa wake walimsema vibaya sana. Nilitaka kwenda kwake, nikaona haya. Mshindi akienda kumpoza aliyeshindwa, anakwenda kumpoza au kumwonyesha? Nikawa nakula peke yangu ofisini, mlango nimeurudishia.

Wakulima wale nikawapenda, kaka. Kulikuwa na mama mmoja, Bi Ashatu, ambaye hakuwahi kuwa na akaunti maishani. Kidole gumba chake kimelika kwa jembe hata mashine ikawa haikisomi. Tukajaribu cha kulia, cha kushoto, tukakisafisha kwa ndimu, mpaka mashine ikakubali. Akacheka, akaniambia, "Kumbe hata mimi serikali inanijua!" Nikamwambia mimi ni benki, si serikali, akasema zote ni moja.

Mwezi wa Julai alikuja meneja wetu wa kanda, Ridhiwani, akafunga mlango wa ofisi yangu mwenyewe. Hakuzunguka.

"Miza, tawi linafungwa mwisho wa Septemba. Tangazo litatoka baada ya malipo ya miwa kuingia."

"Kwa nini baada?"

"Amana zile tunazihitaji kwenye hesabu za robo hii ya mwaka. Wakijua sasa, watahama kabla hazijaingia."

"Na baada ya hapo wazee wale waende wapi?"

"Tawi la Dar lipo. Na wewe nafasi yako ipo makao makuu, idara ya wateja wakubwa. Kinachotakiwa ni kunyamaza tu."

Aliongea kwa upole, sitaki kumsingizia. Nadhani aliamini ananifanyia wema.

Siku zile, kaka, ndipo nilipojua upweke ni nini. Wafanyakazi wenzangu wananiuliza kwa nini sili, siwezi kuwajibu. Wateja wananipa mkono, nautazama mkono wangu kama si wangu. Ningekuwa na mama ningemwambia. Nilikupigia wewe, ukawa kazini, ukasema utanipigia. Najua kazi zenu huko. Sikusemi kwa ubaya, nakuambia tu kwamba nilikuwa na neno hili mdomoni siku ile.

Nilimfikiria sana Bi Ashatu akitafuta tawi Dar es Salaam na kile kidole chake. Mwisho nikaenda kwa Ummy.

Nilikaa benchi la wateja kama mtu yeyote mpaka akanipokea. Hakunikaribisha kitini, nikakaa mwenyewe.

"Umekuja kunicheka?" akaniuliza.

"Nimekuja kukupa Makurunge."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kupepesa jicho, kisha akasema, "Unajua kwamba maneno haya nikiyapeleka mtaani leo, tawi lako linakufa kesho?"

"Najua."

"Na unajua kazi unaipoteza."

"Najua pia."

Nilitegemea atafurahi. Aliinuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Mimi siwataki hivyo," akasema. "Hao si mbuzi, Miza, hata unipokeze kamba. Walikuchagua wewe kwa mdomo wao. Nenda kawaambie kwa mdomo wako. Wakija kwangu, nitawapokea."

Nilitoka nimekasirika. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshajua kwamba amesema kweli.

Nikamwomba Mzee Majaliwa, mwenyekiti wa chama, aitishe mkutano. Walikutana kwenye banda lao la mbolea, wengi wametoka shamba na mapanga yao. Niliwaambia bila kupamba: tawi linafungwa, na nimeambiwa nisiwaambie mpaka fedha zenu ziingie. Hamisheni malipo kabla.

Kisha Mzee Majaliwa akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka jana ulitujia kutuuzia nyumba inayobomolewa?"

"Sikujua, mzee. Wallahi sikujua."

"Lakini ulituambia upo."

Wengine walinung'unika, mmoja akasema mabenki yote ni baba mmoja, mwingine akasema huyu ametumwa na benki nyingine. Bi Ashatu ndiye aliyesimama. Akasema, "Mkimtukana aliyekuja kusema, kesho nani atakuja kuwaambieni kitu?" Basi wakatulia. Hawakunishukuru, wala sikustahili shukrani, lakini walihama. Malipo ya Agosti yaliingia benki ya Ummy, na hakuna mkulima aliyepotelewa na kitu.

Ridhiwani alijua siku ileile ya mkutano. Hakupiga kelele. Aliniambia nimevunja siri ya benki, na hilo ni kweli, sikulikana. Nafasi ya makao makuu ikafutwa, nami nikaachishwa kazi kabla tawi halijafungwa. Wakaguzi walikuja, wakapekua kila kitu, kama ilivyo desturi meneja akiondolewa, na hawakukuta upungufu wowote. Barua ya wakaguzi ninayo, nakala nimempa Bi Saida akuletee. Lakini watu waliona magari ya wageni, wakaona mimi natoka na mkoba wangu, wakajitungia yaliyobaki. Huo ndio wizi wangu, kaka. Hakuna mwingine.

Tawi lenyewe limefungwa Septemba kama walivyopanga. Kibao wamekishusha, ukutani imebaki alama nyeupe kilipokuwa. Sasa jengo limepangishwa kwa muuza makochi.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekaa vizuri. Mji huu ulikuwa unanisalimia. Nilikuwa siwezi kufika sokoni bila kusimamishwa mara kadhaa, Bi Miza hiki, Bi Miza kile. Sasa wanaonijua wananiamkia kwa haraka na kupita, kwa kuwa hawajui waseme nini. Wengine nadhani wameuamini uvumi. Kuna siku sauti yangu ya kwanza huitoa alasiri, nikimwambia muuza nazi anichagulie kavu.

Na Ummy, utanicheka. Kwa kuwapata wakulima wa Makurunge, wakubwa wake walimsifu, wakampandisha cheo, wakampeleka Dodoma. Alikuja kuniaga Ijumaa moja. Nilipika pilau, tukala kama zamani, na hatukuzungumza benki hata kidogo. Alipomaliza aliosha mikono, akakaa muda mrefu anaangalia mlango wa chumba cha mama. Akasema, "Miza, ningekuwa mimi ningenyamaza." Nikamwambia hajui angefanya nini, hakuna anayejua. Akanikumbatia, akaondoka. Huwa ananitumia picha za nyumba yake mpya. Hana muda, naye. Nyumba ina bustani.

Kazi ninatafuta. Chama cha akiba na mikopo cha akina mama wa Kerege wamenipigia, wanataka mtu wa kuwasimamia. Ni kazi ndogo na mshahara wake ni mdogo, nitakwenda kuwaona wiki ijayo, inshaallah. Kuhusu kuja kuishi kwenu Maskati, nakushukuru sana, na mwambie Kholood nimeona kweli ya moyo wake. Lakini nikija sasa, kila mtu atasema ameukimbia wizi. Niache kwanza nipite mbele ya watu kila siku mpaka wachoke kunitazama.

Nikuombe jambo moja, kisha nimalize. Ukishaisoma barua hii, usinipigie kunipa pole, wala usinielezee tena habari ya benki. Mimi nimeyasema, na wewe umeyajua, yatosha. Nipigie tu siku moja mkiwa mmekaa chakulani, uiweke simu hapo kwenye mkeka katikati yenu, muendelee kula. Watoto wagombane, Kholood awakemee, sahani zigongane. Msiniulize kitu. Nitakuwa nasikiliza.

Nisalimie wifi Kholood, mwambie ile bukhuri aliyoniletea bado ninayo. Nisalimie mwanangu Mazin, na mwambie Arafa shangazi yake amemwekea khanga aliyoipenda. Shangazi Mwanvita wa Vigwaza anakusalimu sana, macho yamempungua lakini sauti yako anaikumbuka. Mwenyezi Mungu awakinge na kila la shari, aliponye goti lako, na atukutanishe tukiwa hai kabla ya kutukutanisha peponi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,

Miza