Mama Amekataa Kiti cha Magurudumu

Jumatano, Mbagala. Wingu limetukalia tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimefua shuka mbili, zote bado mbichi. Nami leo niko hivyo hivyo, sijakauka wala sijalowa.

Mama anakwenda Marekani. Mdogo wangu Zuhura anajifungua mtoto wake wa kwanza mwezi ujao huko Houston, na hana mtu wa kumkanda wala kumlea zile siku arobaini. Viza ya mama imetoka. Kazi ya kutafuta ndege nimepewa mimi, kwa kuwa nyumbani kwetu mimi ndiye mtu wa madaftari.

Mama ana miaka sitini na sita. Hajawahi kupanda ndege, Kiingereza hajui, na hakuna wa kufuatana naye.

Nilichora jedwali. Njia ya kwanza inapitia Addis Ababa, halafu Washington. Hapo Washington unachukua begi lako, maofisa wanakuhoji, unalikabidhi tena, kisha unatafuta ndege nyingine. Nikaifuta. Ya pili inapitia Amsterdam, unabadilisha mara moja tu, lakini muda wa kubadilisha ni mfupi mno. Ya tatu inapitia Doha, nayo ina safari mbili: moja unasubiri saa mbili, nyingine unasubiri saa tisa nzima. Nilichagua ya saa mbili. Zile tisa nilizipigia mstari mwekundu, kama kasoro.

Sasa nikiri.

Wengi wenye wazazi wanaosafiri wanaijua mbinu hii. Ukiomba kiti cha magurudumu, mfanyakazi wa uwanja anamsukuma mzee kutoka ndege moja mpaka mlango wa nyingine. Mzee hahitaji kusoma kibao wala kuuliza mtu. Jumatatu nilimwandikia wakala wa tiketi kwamba mama hawezi kutembea umbali mrefu. Mama huyu anakwenda sokoni Rangi Tatu kwa miguu na kurudi na kapu la samaki.

Sikumwambia.

Leo mchana tulikuwa uani, mimi naosha vyombo, yeye anachambua mchele. Neema, binti wa kwa wakala, akapiga. Mikono yangu ilikuwa na povu, nikaweka spika.

"Dada samahani, kuhusu yule bibi asiyeweza kutembea. Ngazi za ndege atapanda mwenyewe au abebwe?"

Mama akaacha mchele. "Bibi gani huyo?"

Neema akadhani anasaidiwa. "Yule wa Houston, mama. Wa kiti."

"Huyo ndiye mie! Na shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nabebwa na nani?"

Nikasema nitapiga baadaye, nikakata. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema taratibu, "Baba yenu aliingia hospitali kwenye kiti hicho. Wewe ndiye uliyemsukuma. Alitokaje?"

Nikarudi kusugua sufuria.

"Mie nakwenda kupokea mtoto, Hadija. Siendi kulazwa. Usinifanyie uchuro."

Nikamweleza ukubwa wa uwanja, vibao vinavyobadilika, ndege isiyomsubiri mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Hapo katikati nina muda gani?"

"Saa mbili."

"Basi unanikimbiza wewe, halafu unawaambia watu siwezi kutembea."

Nikaleta daftari, nikamwonyesha na zile saa tisa. Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu. "Hizi hizi. Nitaswali, nitakula, nitauliza. Wakinielekeza vibaya, nitarudi niulize tena."

Siku tatu nilikuwa namchagulia njia kwa kipimo cha mtu asiyependa kusubiri. Mtu huyo ni mimi, siyo yeye.

Na liko jingine, naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo halitoki. Tangu baba afariki sijamwacha mama aende popote bila mimi. Hata Masasi, kwenye msiba wa shangazi, nilimfuata na kazini nikaaga kwa uongo. Kile kiti nilikiomba ili kuwe na mkono wa mtu nyuma yake, maadamu wangu haufiki.

Nimempa Zuhura habari. Amenirudishia ujumbe wa sauti huku analia: "Dada, akipotea nitamtafutia wapi? Mlazimishe akae kwenye kiti, atazoea." Sijamjibu bado.

Alasiri nimekata boksi la sabuni nikatengeneza kadi. Mbele Kiingereza kwa herufi kubwa, nyuma Kiswahili, ili ajue anatoa ipi. Moja ya kuonyeshwa mlango wa ndege ya Houston, moja ya choo, moja ya mahali pa kuswalia.

Baadaye amenijia jikoni, baibui mwilini, mkoba begani, kadi mkononi, kimya kabisa, kama yuko Doha. Nikamjaribu, nikamnyooshea mkono kuelekea chooni. Akageuza kadi, akasoma.

"Mwongo wewe! Nimeuliza pa kuswalia." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tiketi inashikiliwa mpaka kesho saa sita mchana. Saa tatu asubuhi nitampigia Neema, aondoe kiti, akate ile ya kusubiri saa tisa. Zuhura atalia tena. Mimi, siku ya safari, sidhani kama nitaweza kula mpaka niisikie sauti ya mama kutoka Houston.

Naogopa. Lakini anayesafiri ni yeye.