Sauti ya Baba na Kompyuta ya Mifumo Miwili

Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Misigiri? Alizeti imekauka? Mimi ni mzima, ila nina aibu. Nimeshindwa kukupigia simu, ndiyo maana barua hii inaletwa na mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko. Kwa umbali huu kofi lako halinifikii.

Ile kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa imezeeka; ukiiwasha asubuhi, inaitika mchana. Fundi wa hapa akanishauri niweke mfumo mpya wa kuiendesha, mwepesi na wa bure. Lakini alama za wanafunzi zinafunguka kwenye mfumo wa zamani tu. "Basi weka yote miwili, mwalimu," akasema. "Ukiwasha, itakuuliza unataka upi." Nikaona ni jambo dogo, nitafanya mwenyewe.

Kazi yenyewe ni kuigawa diski, lile ghala la ndani ya kompyuta, ili kila mfumo upate kipande chake. Kwenye kioo vikatokea vipande viwili, kimoja juu, kimoja chini. Nikakumbuka Baba alivyotugawia shamba mimi na Elia: mkubwa juu, mdogo bondeni. Nikasema, mfumo wa zamani ndiye kaka, atakuwa juu na vitu vyake vyote. Huku chini ni kwa mdogo. Nikafuta cha chini bila hata kuchungulia. Kumbe kompyuta haikulelewa Misigiri. Vitu vyangu vyote vilikuwa bondeni.

Sasa mifumo yote miwili inawaka vizuri, hata fundi amenisifu. Lakini sauti ya Baba haipo. Ile niliyomrekodi akigombana na mbuzi: "Toka hapo! Alizeti hiyo ulilima na nani?" Na mbuzi anamjibu. Fundi amejaribu kuirudisha, ameshindwa. Nimelia, Mama.

Unakumbuka Krismasi nilivyomfokea Elia mbele yenu kwa kuifanya sauti hiyo, niliyomtumia mwenyewe, mlio wa simu yake? Nilisema ni utovu wa adabu, marehemu kufukuza mbuzi kila mteja wa kuku anapopiga. Nikamwamuru aifute, akajibu, "Ndiyo, kaka." Lakini unaijua ndiyo ya Elia. Hata banda la kuku alilisemea ndiyo, na hadi leo kuku wanalala jikoni.

Kwa hiyo kaa karibu naye mpaka apigiwe simu. Ukisikia mbuzi, mnyang'anye simu hiyo uifungie sandukuni hadi nifike. Sababu usimwambie, atanicheka mpaka uzeeni.

Nisalimie shangazi Eliwaza, na umwambie sufuria yake ninayo mimi. Mjomba Tito, katekista wetu, aniwekee sala moja, asiulize ya nini. Miaka yote nimemwomba Mungu Elia awe ananitii. Mara hii naomba awe amenipuuza.

Mwanao mjuaji,
Yona